Mashairi ya Machado katika Santuri ya Serrat

Mwaka 1969 Joan Manuel Serrat, mwimbaji wa Barcelona mwenye umri wa miaka 25, alitoa santuri ya nyimbo 12 iitwayo Dedicado a Antonio Machado, poeta. Mengi ya maneno yake yalikuwa ya mshairi aliyefariki miaka 30 kabla, ambaye utawala wa Jenerali Franco nchini Hispania ulikuwa umemtendea uovu hata kaburini.

Antonio Machado alizaliwa Sevilla mwaka 1875 na kufundisha Kifaransa katika shule za Soria, Baeza na Segovia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, aliitetea Jamhuri. Januari 1939, majeshi ya Franco yakiisogelea Barcelona, alikimbilia Ufaransa pamoja na mama yake mzee. Alifariki huko, mjini Collioure, tarehe 22 Februari. Siku tatu baadaye mama naye akafariki. Mwaka 1941 serikali ya Franco ilimfukuza Machado ualimu, marehemu asiyeweza kujitetea. Mwaka 1966 watu waliokusanyika Baeza kumuenzi walitawanywa na polisi.

Serrat naye alikuwa ameonja ghadhabu ya watawala. Mwaka 1968 aliteuliwa kuiwakilisha Hispania katika shindano la Eurovision, akasisitiza kuimba kwa Kikatalani. Nafasi yake alipewa mwingine, naye akafungiwa televisheni.

Kuimba mashairi ya magwiji hakukuanza naye. Paco Ibáñez alikwisha rekodi mashairi ya Góngora na García Lorca huko Paris mwaka 1964, na muziki wa nyimbo mbili za santuri hii, Retrato na Las moscas, ulitungwa na Alberto Cortez.

Wimbo unaofungua santuri, Cantares, ndio unaoonyesha vizuri ufundi wa Serrat. Alichagua beti fupi zilizotawanyika katika diwani ya Campos de Castilla, zikiwemo zile za msafiri anayejitengenezea njia kwa kutembea. Mishororo yake ina mizani 8, kipimo ambacho msomaji wa tenzi za Kiswahili hahitaji kufafanuliwa: huingia katika mdundo bila kulazimishwa. Kisha Serrat akaongeza beti zake mwenyewe kuhusu mshairi aliyefia ugenini, pamoja na kibwagizo. Vimeshonana na maneno ya Machado hivi kwamba hadi leo wengi hudhani kibwagizo hicho ni cha mshairi. Kwa mtunzi wa muziki, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Wimbo mwingine wa santuri hiyo, La saeta, ulienda mbali zaidi. Katika shairi hilo Machado anamkataa Kristo wa msalabani na kumchagua yule aliyetembea juu ya bahari. Hata hivyo, muziki wa Serrat sasa hupigwa na bendi za matarumbeta katika maandamano ya Juma Kuu kote Andalusia.

Machado alirudishiwa rasmi nafasi yake ya ualimu mwaka 1981. Kufikia wakati huo, watu wasiowahi kufungua diwani yake walikuwa wamekwisha kumjua kwa miaka 12, kwa kumwimba.