Vikombe Vitano vya Shekhar Mehta

Maisha ya bingwa wa michezo ni mepesi kuyaandika. Unachukua karatasi, unapanga miaka, mbele ya kila mwaka unaandika kikombe, kazi imekwisha. Shekhar Mehta, bingwa wa mbio za magari za Safari, naye huandikwa hivyo: 1973, 1979, 1980, 1981, 1982. Vikombe vitano, na vinne kati ya hivyo alivitwaa mfululizo. Mpaka leo hakuna dereva mwingine aliyeshinda Safari miaka minne bila kukatiza.

Orodha hiyo ni ya kweli, wala sina nia ya kuipunguza. Lakini sisi wa Isingiro, tuliokulia si mbali na mto Kagera, tunaijua mipaka kuliko tunavyoyajua magari ya mbio. Ng'ambo ya mto ni Uganda. Mnyambo wa huku na Mnyankole wa kule wakikutana sokoni Murongo hawahitaji mkalimani. Ndiyo maana mtu wa kwetu akiitazama miaka hiyo mitano haoni vikombe peke yake. Anaona pia kwamba kila kikombe kimekaa jirani na mtu aliyefukuzwa kwao, au mpaka uliofungwa.

Kwanza tuelewane, ndugu msomaji, juu ya mbio zenyewe. Zilianza mwaka 1953, zikafanywa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi tatu zilizokuwa chini ya Waingereza. Uhuru ulipokuja, mbio hazikufa pamoja na bendera ya mkoloni. Wananchi walizichukua zikawa zao, na kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika.

Hazikuwa mbio za kuzunguka uwanja. Magari yalipita katika barabara zilezile zinazopitwa na mabasi, ng'ombe na watoto wa shule. Yalitembea maelfu ya kilomita, usiku na mchana. Kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufika, na aliyechelewa aliandikiwa dakika za adhabu. Mshindi alikuwa yule aliyepoteza dakika chache kuliko wenzake. Kwa hiyo kasi peke yake haikutosha. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mengine yalilala matopeni, au yalivunjika, au yalizuiwa na mito iliyofurika. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma basi kwenye utelezi wa udongo mwekundu wa Karagwe mwezi wa nne haitaji maelezo zaidi.

Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya Kihindi ya wenye mashamba. Alianza mashindano ya magari hukohuko Uganda akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha BMW. Hakuchukua muda mrefu kuonekana. Katika Safari ya mwaka 1971 alimaliza wa pili, akiwa na gari aina ya Datsun 240Z.

Hebu tusimame kidogo kwenye mwaka huo wa 1971. Wa kwanza alikuwa Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya. Wa pili ni Mehta wa Uganda. Wa tatu ni Bert Shankland, Mskoti wa Dar es Salaam, ambaye Watanzania walikwisha kumshangilia aliposhinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Kenya, Uganda na Tanzania zilikamata nafasi tatu za juu, kila nchi na yake. Na hakuna hata mmoja kati ya watatu hao ambaye babu yake alizikwa katika ardhi hii kabla ya kuja kwa reli. Hata hivyo watu waliosimama kandokando ya barabara hawakuulizana kuhusu makaburi. Waliuliza gari gani limefika na limechelewa dakika ngapi.

Swali la makaburi lilikuja mwaka uliofuata. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu walifungasha. Wengi wao walizaliwa Uganda, wakasomea Uganda, na lugha zao za kusemeshana na majirani zilikuwa Kiganda na Kiswahili. Waliacha maduka, mashamba, viwanda na nyumba zenye vyombo mezani. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa waliohama, naye akafanya Kenya kuwa makao yake.

Muda waliopewa ulikwisha mwezi Novemba 1972. Mwezi Aprili 1973, kabla ya miezi sita kutimia, Mehta alishinda Safari.

Ushindi wenyewe ulikuwa mwembamba kama uzi. Yeye na mwenzake aliyemsomea ramani, Lofty Drews, walifika mwisho wakiwa na dakika za adhabu sawasawa na za Harry Källström wa Sweden, ambaye naye aliendesha Datsun. Ikabidi waamuzi wafungue kanuni. Kanuni ilisema kwamba wakilingana, ashinde yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Huyo alikuwa Mehta. Na mwaka huo haukuwa wa kawaida, kwani ndipo mashindano ya dunia ya mbio za namna hii yalipoanzishwa, na Safari ilikuwa moja ya mashindano hayo. Basi mtu aliyeambiwa majuzi kwamba si wa hapa alishinda mbio za hapa, mbele ya dunia nzima.

Sipendi kulifanya jambo hili kuwa hadithi tamu ya kisasi. Kikombe hakirudishi shamba. Wako waliofukuzwa mwaka ule ambao hawakuwa na Datsun wala jina, nao waliishia kwenye kambi na vyumba vya baridi huko Uingereza. Ninachosema ni kwamba mwaka 1973 katika orodha ya bingwa una uzito ambao tarakimu zenyewe haziuonyeshi.

Baada ya hapo mbio zenyewe zilianza kusinyaa katika ramani. Mwaka 1972 magari yalikuwa yameondokea Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1974 njia ilibaki ndani ya Kenya, na maneno "Afrika Mashariki" yakaondoka katika jina. Miaka mitatu baadaye, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilivunjika. Reli ikagawanywa, ndege zikagawanywa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Naona kama mbio za magari zilitangulia kutuonyesha tunakoelekea, ila hatukuwa tukizitazama kwa jicho hilo.

Kisha vita ikatufikia. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia katika mkoa wetu, uliokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu wa kaskazini mwa mto walikimbia na watoto migongoni, na walioshindwa kukimbia waliuawa. Jeshi letu likawarudisha wavamizi, kisha likasonga mbele ndani ya Uganda: Masaka na Mbarara zikatwaliwa mwezi Februari 1979, na Kampala tarehe 11 Aprili.

Pasaka ya mwaka huo ilikuwa tarehe 15 Aprili. Yaani siku zilezile ambazo watu wa mkoa huu walikuwa wakiinamia redio kusikia habari za Kampala, huko Kenya magari ya Safari yalikuwa barabarani. Na aliyeshinda alikuwa Shekhar Mehta, baada ya miaka sita bila kikombe hicho. Aliyemfukuza alipoteza ikulu na aliyefukuzwa alipata kikombe, katika juma moja. Hakuna aliyelipanga jambo hilo. Historia hufanya hivyo mara mojamoja, halafu hainyanyui hata kichwa kuona kama tumetambua.

Safari hiyo ya 1979 Mehta aliendesha Datsun ndogo, 160J, akiwa na Mike Doughty kama msoma ramani. Wa pili alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, katika Mercedes kubwa yenye nguvu nyingi zaidi. Mwaka 1980 alishinda tena, akamwacha wa pili Rauno Aaltonen, Mfini mwingine, ambaye aliitafuta Safari miaka mingi asiipate. Mwaka 1981 ikawa hivyohivyo, Mehta kwanza, Aaltonen pili. Mwaka 1982 wa pili alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huohuo alitawazwa bingwa wa dunia. Bingwa wa dunia alikuja kwetu akamaliza nyuma ya mtu wetu.

Wageni hao hawakuwa madereva dhaifu. Wengi walimzidi Mehta kwa kasi katika barabara za Ulaya. Lakini Mehta alijua kuitunza gari. Alijua kwamba kilomita elfu za kwanza hazimpi mtu kikombe, bali zinaweza kumnyang'anya. Aliusoma udongo kama mkulima anavyousoma: huu utabeba, huu utameza. Elimu hiyo haiuzwi dukani pamoja na injini. Huipata mtu aliyeishi mahali.

Sasa tazama jambo la kusikitisha. Miaka yote minne ya utawala wake, 1979 hadi 1982, mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa. Ulifunguliwa Novemba 1983. Mtanzania wa kawaida hakuweza kuvuka Namanga akasimame kando ya barabara na kumshangilia. Redio ndiyo iliyokuwa macho yetu. Bingwa mkubwa kuliko wote wa mbio zilizozaliwa kwa ajili ya nchi tatu alitwaa vikombe vinne katika nchi moja, huku nyingine ikiwa imefungiwa nje, na ya tatu ikijaribu kusimama baada ya vita.

Ndipo linapokuja swali ambalo vitabu vya rekodi hulijibu haraka mno. Mehta alikuwa bingwa wa nani? Vitabu huandika Kenya, na ni sawa, kwa kuwa huko ndiko alikopokewa. Uganda ilimzaa na kumfundisha usukani. Tanzania ilikuwa sehemu ya njia aliyojifunzia. Mimi nasema alikuwa wa Afrika Mashariki, tena wa ile ambayo haikuwa na serikali, iliyokuwepo kwa sababu tu watu walikuwa wakisimama kandokando ya barabara moja.

Swali la "wa nani" si la zamani, wala si la Waasia peke yao. Mwaka 2013 liligonga hodi katika wilaya zetu. Ilifanyika Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali. Serikali yoyote ina haki ya kujua nani yumo nchini, na ujambazi wa silaha katika barabara zetu ulikuwa wa kweli. Lakini kati ya walioondoka walikuwamo watu walioishi huku miongo mingi, wenye wake na waume wa hapa, wenye migomba waliyoipanda kwa mikono yao. Mto Kagera wakauvuka wakielekea mahali ambapo baadhi ya watoto wao hawakuwahi kupaona. Kila mmoja na apime mwenyewe kama kadi iliweza kueleza yote. Mimi naona kwamba kabla ya kumwambia mtu si wa hapa, ni vema kuuliza kwanza amefanya nini hapa, na anaujua udongo huu kwa kiasi gani.

Mwendo wa Mehta katika mbio ulikatizwa mwaka 1987, alipoumia vibaya katika ajali kwenye mbio za Mafarao nchini Misri. Hakurudi tena kushindana. Aligeukia uongozi, akafikia kuongoza tume ya mbio hizi katika shirikisho la kimataifa la FIA. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Safari yenyewe iliondolewa katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, ikarudishwa mwaka 2021, na sasa kitovu chake ni Naivasha. Jumuiya nayo ilifufuliwa, mkataba wake ukasainiwa Arusha mwaka 1999. Na pale Murongo watu wanavuka daraja kwenda Kikagati na kurudi, wengine kwa harusi, wengine kwa misiba.

Ningependa watoto wa Isingiro wafundishwe orodha ya bingwa huyu, maana ni orodha ya heshima. Ila wafundishwe nzima. Mbele ya 1973 waandike siku 90 za Uganda. Mbele ya 1979 waandike Kyaka, Mbarara na Kampala. Mbele ya 1980, 1981 na 1982 waandike Namanga, mpaka umefungwa. Karatasi itajaa kidogo, lakini ndivyo njia yenyewe ilivyokuwa.