Jamaa wa Mlangoni: Watu Wasiojulikana Walioibeba Minecraft Mgongoni

Ukiwa kwenye seva kubwa ya Minecraft ukatoka ukumbini kwenda kupiga BedWars, skrini inakatika kidogo tu, halafu upo dunia nyingine. Wengi wanadhani wamehamia chumba kingine cha nyumba ileile. Wapi! Mara nyingi umehamishiwa seva nyingine kabisa, na aliyekuhamisha ni programu inayoitwa proksi.

Iko hivi. Mchezo ulitoka rasmi Novemba 2011, na seva yake haikupangwa kubeba kijiji kizima. Karibu kazi yote ya dunia ile, ng'ombe kutembea, maji kutiririka, mtu kuvunja tofali, inapita kwenye foleni moja, mara 20 kwa sekunde. Watu wakizidi, foleni inajaa na mchezo unaanza kugandaganda. Hata ukinunua mashine ya bei mbaya, foleni bado ni moja.

Mwaka 2012 jamaa mmoja wa Australia akatoa BungeeCord. Mchezaji anaunga na proksi tu, na proksi ndiyo inayoongea na seva zilizo nyuma. Ukitaka kuhama, inakata waya wa nyuma na kuunga mwingine. Wa mbele haukatiki.

Hapo ndipo waandishi wa plagini wakapata uwanja mpya, na mgumu pia. Plagini ya proksi haioni tofali wala ng'ombe. Inaona nani anaingia, anaelekea wapi, na kaandika nini kwenye chati. Ni mahali pazuri pa kumfungia msumbufu kwenye seva zote kwa mpigo, au kulihamisha kundi la marafiki pamoja. Lakini ikitaka kujua mchezaji ana sarafu ngapi, lazima iulize seva ya nyuma, na ujumbe huo husafiri mgongoni mwa muunganisho wa mchezaji. Seva ikiwa haina mtu hata mmoja, ujumbe hauendi. Hilo limewakesha vijana wengi!

Hatari kubwa ilikuwa kwingine. Kwa kuwa proksi ndiyo inayohakiki akaunti, seva za nyuma ziliambiwa zisihakiki tena. Yaani mlango wa mbele una mlinzi, wa uani uko wazi. Mwenye seva akisahau kuufunga, mtu anaingia moja kwa moja, anajitambulisha kwa jina la bosi, na seva inamkubali kama bosi. Kazi ya miaka inaweza kufutwa usiku mmoja.

Kisha ikaja 2014, mwaka wa msala. Seva nyingi za nyuma zilikuwa zinategemea Bukkit, mradi uliojengwa na watu wa kujitolea. Agosti kiongozi wake akatangaza kwamba wanafunga. Mojang, kampuni ya Sweden yenye mchezo, ikajitokeza kusema mradi ni mali yake tangu 2012, ilipowaajiri waanzilishi. Watu waliokuwa wanaandika kodi bure wakabaki midomo wazi. Mmoja wao hakunyamaza: Septemba akatumia sheria ya hakimiliki ya Marekani, na mafaili yakaondolewa. Mwezi huohuo Microsoft ikatangaza kuinunua Mojang kwa dola bilioni 2.5. Piga picha hiyo, halafu kumbuka wale waliokuwa wanakesha bila mshahara.

Spigot, mradi mwingine wa yule jamaa wa BungeeCord, nao ukakwama kwa sababu ulijengwa juu ya Bukkit. Akatoa zana ya kumfanya kila mwenye seva ajitengenezee faili lake kwenye mashine yake. Ilikuwa njia ya kona, ila ilifanya kazi.

Baadaye likaja tawi la BungeeCord lililoitwa Waterfall, halafu mwaka 2018 msanidi mwingine akaanza Velocity kutoka sifuri. Dawa ya mlango wa uani ikawa ufunguo wa siri: proksi inatia sahihi taarifa za kila mchezaji, na seva ya nyuma inamkataa yeyote asiye na sahihi. Kwa usalama, hapa Velocity iliwapita wakubwa zake, hakuna ubishi.

Bei yake ni kwamba plagini za BungeeCord hazifanyi kazi kule. Lazima ziandikwe upya. Waterfall ilipostaafishwa 2024 na wenye seva kuelekezwa Velocity, walioumia ni wale wanaotegemea plagini ambayo mwandishi wake alishaacha michezo zamani, akaenda zake, na kodi hakuiacha popote.