Jeraha la jalidi kwa kuku

Jeraha la jalidi ni kufa kwa nyama ya mwili wa kuku baada ya kugandishwa na baridi. Hutokea zaidi Kanada, katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na kaskazini mwa Ulaya, ambako familia nyingi hufuga kuku wachache nyuma ya nyumba. Hushambulia mahali pasipo na manyoya: upanga wa kichwani, ndevu zinazoning'inia chini ya mdomo, na vidole vya miguu.

Joto la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hivi za Selsiasi. Baridi ikizidi, mishipa ya damu ya pembezoni hujibana ili kulinda moyo na viungo vingine vya ndani. Upanga ukikosa damu, maji yaliyo ndani ya nyama yake hugeuka chembe za barafu na kupasua seli. Jogoo huumia kuliko mtetea, kwa kuwa upanga na ndevu zake ni kubwa, na ndevu hulowa kila anywapo maji. Jogoo wa Leghorn, mwenye upanga mmoja mrefu uliosimama, ndiye mhanga wa kawaida.

Wafugaji wengi hulaumu baridi peke yake, ilhali mshirika wake mkubwa ni unyevu. Kuku hupumua usiku kucha na kinyesi chao kina maji mengi. Mfugaji mwenye huruma akiziba kila tundu la banda ili kuku wasipigwe na upepo, mvuke hukosa pa kutokea, hutua juu ya panga zao na kuganda, huku gesi ya amonia ikiwachoma macho na mapafu. Banda kavu lenye baridi ni salama kuliko banda la uvuguvugu lililolowa. Dalili ya hatari ni matone au barafu upande wa ndani wa dirisha asubuhi. Matundu ya hewa yawe juu, karibu na paa, ili mvuke utoke bila upepo kuwapiga kuku waliolala. Maranda makavu yatandazwe kwa kina, na chombo cha maji kisilale bandani. Fito za kulalia ziwe bapa na pana, kuku aweze kufunika vidole vyote kwa manyoya ya kifua. Taa za joto hazifai: zimeunguza mabanda mengi pamoja na kuku waliokuwamo. Mafuta ya mgando ya kupaka kwenye upanga hupendwa sana, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya banda kavu.

Mwanzoni sehemu iliyoganda hupauka, ikawa nyeupe au kijivu, baridi na ngumu kuguswa. Ikiyeyuka huvimba, huwa nyekundu na kumuuma kuku, na pengine hutoa vilengelenge. Baada ya siku kadhaa ncha zilizokufa huwa nyeusi na kukauka, kisha hudondoka zenyewe. Kuku aliyeganda miguu huchechemea au hukataa kushuka kutoka kwenye fito. Jogoo aliyeumia upanga anaweza kupungukiwa na uwezo wa kurutubisha mayai kwa muda, jambo linalowashtua wanaototolesha vifaranga.

Kuku aliyeumia huhamishiwa ndani, mahali pasipo baridi kali, na abaki huko hadi apone, kwani nyama iliyoyeyushwa ikiganda tena huharibika zaidi. Miguu huloweshwa katika maji ya vuguvugu ya nyuzi 38 hadi 40. Asisuguliwe, wala asikaribishwe kwenye moto au mashine ya kukaushia nywele: sehemu iliyokufa ganzi huungua bila yeye kuhisi. Vilengelenge visipasuliwe, na nyama nyeusi isikatwe, maana inalinda iliyo hai chini yake. Usaha, harufu mbaya au uvimbe unaoongezeka ni kazi ya daktari wa mifugo, naye ndiye wa kuamua dawa ya maumivu.

Kinga nyingine imo katika kuchagua aina ya kuku. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtawa Wilfrid Chatelain wa abasia ya Oka, Quebec, alizalisha kuku wa Chantecler mwenye upanga mdogo uliolala na ndevu fupi, makusudi kwa baridi ya Kanada. Wyandotte na Buckeye nao wana panga fupi zisizoganda upesi.

Afrika Mashariki jalidi huanguka katika nyanda za juu kama Kitulo na Nyandarua, lakini jeraha hili ni nadra huko, na pwani halipo kabisa. Mfugaji wa Tanga au Mombasa akiona magamba meusi kwenye upanga, afikirie kwanza ndui ya kuku au majeraha ya kudonoana. Na upanga ukigeuka zambarau huku kuku wakifa kwa wingi, atoe taarifa kwa ofisi ya mifugo siku hiyohiyo.