Vera Lynn: Sauti iliyowaliwaza askari vitani

MWIMBAJI wa Uingereza, Vera Lynn, aliyezaliwa London Machi 20, 1917, alipendwa mno wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wimbo wake wa mwaka 1939, "We'll Meet Again", uliwapa askari na familia zao tumaini la kuonana tena, ingawa wengi hawakurejea.

Mwaka 1944 aliwatumbuiza askari huko Burma, walikopigana pia askari wa Afrika Mashariki.

Mwaka 2009, akiwa na miaka 92, mkusanyiko wa nyimbo zake za zamani uliongoza kwa mauzo Uingereza. Mwaka 2017, alipotimiza miaka 100, albamu nyingine ilitolewa.

Alifariki dunia Juni 18, 2020, akiwaachia mashabiki sauti yake.