Mume Mdogo, Mke Mkubwa: Vibonzo vya Ndoa katika Magazeti ya Marekani

Vibonzo kuhusu mume na mke, yaani michoro ya kuchekesha yenye maneno machache, vilishamiri katika magazeti ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na ingawa waliovichora karibu wote walikuwa wanaume, anayechekwa mara nyingi ni mwanamume mwenyewe. Mwaka 1903 Charles Dana Gibson, aliyesifika kwa kuchora mabinti warefu wenye madaha, aliwachora wanne kati yao wamemzunguka kijibwana kidogo aliyepiga magoti mezani, huku mmoja akimkagua kwa kioo cha kukuzia na mwingine akimchokoa kwa pini.

Aliyeuingiza mzaha huo ndani ya nyumba ni George McManus, aliyeanzisha mfululizo wa Bringing Up Father mwezi Januari 1913. Jiggs, mhamiaji kutoka Ireland aliyewahi kuwa saidia fundi wa kubeba matofali, anashinda bahati nasibu, na mkewe Maggie, aliyekuwa akifua nguo za watu, anataka wahesabiwe miongoni mwa waungwana. Mume hana haja na opera wala karamu, bali hutoroka kwenda kula kabichi na nyama ya chumvi kwenye baa ya Dinty Moore. Akirudi kwa kunyata, hulakiwa kwa sahani zinazoruka au kwa kifimbo cha kusukumia unga. Maggie alionekana mkorofi, lakini ugomvi wao ulikuwa wa tabaka kuliko wa jinsia: mmoja aliona haya kwa asili yake, mwingine aliikumbuka kwa hamu. McManus, ambaye baba yake alikuwa meneja wa jumba la maigizo mjini St. Louis, alilipata wazo hilo katika mchezo wa jukwaani alioutazama ujanani.

Mdororo mkuu wa uchumi ulibadili mambo. Blondie, ulioanzishwa na Chic Young mwaka 1930, ulimhusu kijana wa kitajiri, Dagwood, na mchumba wake Blondie, lakini vichekesho vya matajiri havikuwafaa wasomaji waliokosa kazi. Hivyo mwaka 1933 wawili hao walioana, wazazi wakamnyima Dagwood urithi, naye akawa karani wa kawaida anayegombezwa na bosi, huku mkewe akiiendesha nyumba kwa busara.

James Thurber, katika jarida la The New Yorker, hakuficha kitu: mwaka 1934 alichora vita kamili kati ya wanaume na wanawake, akavimaliza kwa wanawake kusalimu amri, ushindi ambao ni vigumu kuuamini kwa anayewajua wanaume wanyonge wa michoro yake mingine.

Bringing Up Father ulikoma mwaka 2000. Blondie bado unachapishwa, na tangu mwaka 1991 mke wa Dagwood ana biashara yake ya kupika vyakula vya sherehe.