Gari Dogo Mbele ya Trela: Historia ya Barabara ya Namanga

Ukitoka Kitengela jioni kuelekea Isinya kwa barabara ya Namanga, hukosi kujikuta nyuma ya trela. Huenda limebeba saruji ya Athi River linaipeleka Arusha, au linarudi kwao baada ya kushusha vitunguu na mahindi Nairobi. Wewe umo ndani ya Vitz, Demio, au Subaru iliyoshushwa chini na kufungwa ekzosi ya kunguruma. Boneti yako haifiki hata kwenye sakafu ya trela hilo. Ukilivaa kwa nyuma, boneti itapita chini, na chuma cha trela kitakutana na kioo chako cha mbele.

Magari madogo yenye mbio si wageni katika nchi hii. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalipangwa katika makundi kulingana na bei yake dukani. Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha wakaibuka washindi kwa Volkswagen ndogo. Mwaka 1965 ikawa zamu ya ndugu wawili, Joginder na Jaswant Singh, waliotumia Volvo PV544 iliyokwisha kukimbizwa na wengine. PV544 ndilo gari la kwanza kufika kwa mnunuzi likiwa na mkanda wa pointi tatu, kazi ya mhandisi Nils Bohlin, mwaka 1959. Kisha zikaja Datsun 240Z, magari ya michezo ya milango miwili: Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka 1971, Shekhar Mehta akashinda nayo mwaka 1973.

Jambo ambalo mashabiki wachanga huenda hawalijui ni kwamba barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alipokata mbuga za Kajiado kwa kasi, angeweza kukutana na lori la mawe ya chokaa, basi la abiria au ng'ombe wa Wamaasai wakivuka kwenda kunywa maji. Ndiyo maana timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya magari yao. Aliyekuwa juu alitazama njia na kumwarifu dereva kwa redio: lori linakuja, punguza mwendo. Magari nayo yalifungwa vyuma vya kukinga mbele, pamoja na taa za ziada.

Mwaka 1993 Subaru ilileta Vivio, kigari chenye injini ya sentimita za ujazo 660 tu. Colin McRae hakufika mwisho, lakini Patrick Njiru wa Kenya alimaliza wa 12. Hakuna aliyedhani kwamba bodi ya Vivio ingestahimili lori. Usalama katika mashindano yale ulitokana na kuliona gari kubwa mapema na kulikwepa. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya dunia. Iliporudi mwaka 2021 huko Naivasha, magari yalikimbizwa katika njia zilizofungwa.

Barabara ya Namanga haikufungwa. Kinyume chake, ilizidi kufunguka. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Jumuiya ilipofufuliwa, barabara ya Arusha, Namanga na Athi River ikajengwa upya, na marais wa ukanda huu wakaizindua mwaka 2012. Mwishoni mwa 2018 Uhuru Kenyatta na John Magufuli wakafungua kituo cha pamoja cha mpakani. Lami ikawa laini, mpaka ukawa mwepesi kuvuka, na mizigo ikaongezeka. Mji wa Kitengela nao ukatanuka pembeni mwa barabara hiyo hiyo, wakazi wake wakinunua magari madogo yaliyotumika Japani.

Sheria ya Jumuiya inaruhusu gari la mizigo lenye ekseli za kutosha kufikia tani 56. Vitz ina takriban tani moja. Tuseme magari hayo yagongane uso kwa uso, kila moja likienda kilomita 80 kwa saa, kisha yakwamane. Trela litapungukiwa na kilomita zisizofika tatu kwa saa. Vitz itasimama na kusukumwa kinyumenyume kwa kilomita 77 kwa saa, yote hayo kufumba na kufumbua. Hakuna mfuko wa hewa uliobuniwa kwa kishindo cha aina hiyo.

Hata lori lisipokuwepo, uzito una neno. Mwaka 2009 taasisi ya bima za magari nchini Marekani, IIHS, iligonganisha Toyota Yaris, ambayo hapa tunaijua kama Vitz, na Camry ya kampuni hiyo hiyo, kila moja ikienda kilomita 64 kwa saa. Yaris ilipewa alama ya chini kabisa, ingawa ilikuwa imefanya vizuri katika jaribio la kugonga kizuizi.

Wenzetu walijifunza kwa machungu. Mwigizaji Jayne Mansfield alifariki mwaka 1967 huko Louisiana gari lake lilipoingia chini ya trela. Watoto wake watatu waliokaa nyuma walinusurika. Kile chuma kinachoning'inia nyuma ya trela kuzuia gari dogo lisipenye bado kinatajwa kwa jina lake nchini Marekani, na kanuni kali zaidi juu yake zilianza kutumika mwaka 1998.

Kenya nayo ilichukua hatua. Mwaka 2004 kanuni za Waziri John Michuki zililazimisha mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu, na watu wakaona kwamba amri ikifuatwa, barabara hubadilika. Lakini mkanda humlinda abiria ndani ya gari lake. Haupunguzi urefu wala uzito wa gari analokutana nalo.

Kwa hiyo kumwambia mwenye Vitz anunue gari kubwa ni kumtupia mzigo usio wake. Trela husimamishwa kwenye mizani ya Isinya likapimwa uzito. Papo hapo lingekaguliwa pia chuma cha nyuma, taa na viakisi mwanga, na lisilo navyo lisiendelee na safari. Na penye msongamano, kuanzia Kitengela, pawe na leni za kutosha ili mwenye haraka asilazimike kuingia upande wa anayekuja. Timu za Safari zililipia helikopta kwa sababu zilijua bodi ya gari peke yake haitoshi. Mwalimu wa Kajiado anayeendesha Demio hana helikopta. Ana mamlaka za barabara, na kodi yake ya mafuta huzilipa kila anapojaza tangi.