Chura wa Kihansi na funzo lake kwa Ngara na Biharamulo

Desemba 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umeshaanza katika korongo la mto Kihansi, Milima ya Udzungwa, watafiti waliona kwenye majani yaliyolowa rasharasha za maporomoko chura wa njano ambaye sayansi ilikuwa haijamjua. Dume hafiki hata sentimita mbili. Jike hatagi mayai majini. Huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili, kila mmoja na urefu wa milimita tano hivi. Makazi yake yote duniani hayakuzidi hekta chache.

Tathmini ya awali ya mradi haikulichunguza korongo hilo ipasavyo. Sheria ya mazingira iliyokuwapo, ya mwaka 1983, iliunda Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), lakini kazi yake kubwa ilikuwa kushauri. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi kati ya 1999 na 2000, zaidi ya asilimia 90 ya maji ya mto yaligeuzwa njia. Rasharasha zikakatika.

Mwishoni mwa 2000, vyura 499 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huku nyumbani yalitandazwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, na kwa muda idadi yao ikapanda. Kisha mwaka 2003 walianza kufa kwa kasi, na kuvu inayoshambulia ngozi za vyura ikagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini.

Bunge lilikuwa limeshapitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004. Sheria hii inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi wasikilizwe. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kutoka Marekani hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Desemba 2012 wa kwanza wakaachiwa tena Kihansi.

Habari hii inaihusu wilaya ya Ngara moja kwa moja. Maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, jirani na pale Ruvubu unapoingia mto Kagera, nayo sasa yanazalisha umeme: megawati 80 kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mpango wa awali ulikuwa wa bwawa kubwa ambalo lingezamisha mashamba na ardhioevu. Tathmini ilifanyika mapema, na usanifu ukabadilishwa ili mitambo itumie mtiririko wa mto wenyewe. Kihansi uchunguzi ulichelewa, Rusumo ulitangulia.

Wilaya jirani ya Biharamulo nayo ina historia yake. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, wakikimbia kutoka Rwanda wakati wa vita na mauaji. Kuni za kupikia za wakimbizi hao zilitoka kwenye vilima vya jirani, na wanyama wa mapori ya Burigi na Biharamulo wakawindwa vibaya. Mapori hayo, pamoja na Kimisi, mwaka 2019 yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba 4,707. Katika pori la akiba uwindaji wa leseni unaruhusiwa. Katika hifadhi ya taifa hauruhusiwi.

Lakini mpaka wa hifadhi hauyafikii mabonde yote yenye maji, na huko vijijini kinga mojawapo ni sheria ya 2004. Madiwani na wenyeviti wa vijiji wa Ngara na Biharamulo wadai cheti cha tathmini kabla ya kuridhia mradi wowote mkubwa bondeni, na wananchi wafike kwenye mikutano ya maoni kabla greda halijawasili.